Kila Gundi na Adui Yake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tyubu ya silikoni ikishafunguliwa imeshaanza safari ya jalalani, na kwamba anayebakiza nusu yake amebakiza takataka. Nilikuwa naziba ukingo wa sinki, nachomeka msumari kwenye mdomo wa tyubu, naisimamisha kwenye kona ya stoo, na nikiirudia baada ya miezi michache naikuta imegoma. Nabonyeza bunduki ya kusukumia silikoni kwa nguvu zangu zote, hakitoki kitu, naitupa. Siku moja nilikuwa na ufa mdogo wa kuziba, mdogo mno kustahili tyubu mpya, nikaamua kuipasua ile iliyogoma kwa kisu, kuanzia mdomoni hadi kitakoni, ili nione kwa macho yangu ugumu umefika wapi.

Mdomo mrefu wa plastiki ulikuwa umejaa mpira mweupe, ambao nilipouvuta kwa koleo ulitoka mzima kama mshumaa mdogo. Msumari ulikuwa katikati yake, umeota kutu ya rangi ya chungwa. Kwenye shingo ya tyubu palikuwa na kizibo kingine, unene wake hauzidi upana wa kidole. Nyuma ya kizibo hicho silikoni ilikuwa laini, inang'aa, na inanuka siki kwa ukali uleule wa siku ya kwanza. Zaidi ya nusu ya tyubu ya mililita 300 ilikuwa nzima kabisa. Niliichota kwa kijiti bapa nikaziba ufa wangu, na iliyobaki ikaganda pale mezani, kwa kuwa tyubu iliyopasuliwa haina namna ya kufungwa tena. Nilizikumbuka tyubu zote nilizozitupa kwa miaka hiyo, nikaumia, maana sasa nilijua kwamba nyingi nilizitupa zikiwa hai kwa kudhani kwamba mdomo ukifa na mwili umekufa.

Tangu hapo swali langu limebadilika. Zamani niliuliza nifunge vipi ili hewa isipite. Sasa nauliza kwanza gundi hii inagandaje, kwa sababu neno "kukauka," tunalolitumia kwa gundi zote, linaficha mambo yasiyofanana hata kidogo. Iko gundi inayoganda kwa kupoteza maji na iko inayoganda kwa kuyapata; iko inayoganda kiyeyushi chake, yaani kimiminika kinachoiweka laini, kinaporuka, na iko moja, ya ajabu kuliko zote, inayoganda pale inapokosa hewa. Njia ya kufunga inayoiokoa moja inaweza kuwa ndiyo inayoiua nyingine, na mtu anayezihifadhi zote kwa mtindo mmoja atakuwa anaziharibu baadhi yake kwa bidii yake mwenyewe.

Silikoni haikauki kama nguo inavyokauka kambani. Inachukua mvuke wa maji ulio hewani, na mvuke huo ndio unaoiwezesha minyororo ya molekuli zake kufungana na kuwa mpira. Katika kufanya hivyo, aina iliyozoeleka hutoa asidi ya asetiki, ndiyo ile harufu ya siki inayojaa bafuni. Zipo aina zisizotoa asidi, na harufu yake ni hafifu, lakini nazo zinategemea mvuke uleule. Kwa hiyo adui wa silikoni iliyofunguliwa ni unyevu, na hewa ni njia tu anayopitia.

Unyevu huo hauingii kwa kasi moja. Juu hutanda utando ndani ya dakika chache, kisha ugumu unashuka chini, kwa kawaida milimita 2 hadi 3 katika saa 24 za mwanzo, na kila tabaka linaloganda linakuwa kizuizi kwa mvuke unaofuata. Ndiyo maana kina cha ugumu hakiongezeki sawasawa na siku zinazopita, bali ili kiwe maradufu muda unahitaji kuwa takriban mara nne. Silikoni iliyoganda milimita 3 kwa siku moja itachukua siku kama nne kufika milimita 6, na zaidi ya siku 40 kufika sentimita 2. Nilipofanya hesabu hiyo nilielewa kilichotokea ndani ya tyubu niliyoipasua: ule mdomo mrefu na mwembamba uliganda wenyewe, na kwa kuganda kwake ukaulinda mwili kwa miezi.

Kizibo bora cha silikoni, basi, ni silikoni yenyewe. Nikimaliza kazi, jambo la kwanza ni kubonyeza kile kichuma cha nyuma ya bunduki kinachoachia fimbo, kwa sababu fimbo isipoachiwa inaendelea kusukuma na tyubu inaendelea kutema taratibu hata ikiwa imelazwa. Kisha naitoa tyubu, naisukuma kidogo kwa kidole gumba kwenye kitako mpaka silikoni itokeze nje ya ncha sentimita moja hivi, na naiacha igande palepale kama mkia. Hakuna pengo la hewa nyuma ya mkia huo, na hilo ndilo muhimu, kwani pengo dogo ndani ya mdomo lina mvuke wake wa kutosha kuanzisha ugumu mahali pabaya. Juu ya mkia nazungusha tepu nyeusi ya umeme, nikianzia kwenye plastiki ya mdomo na kushuka hadi nimeufunika.

Kama najua sitaigusa tyubu kwa muda mrefu, naongeza hatua moja. Naufungua mdomo wote, nafuta silikoni iliyo kwenye nyuzi za skrubu, natandaza kipande cha nailoni juu ya tundu la tyubu, kisha naurudisha mdomo juu yake na kuukaza. Mdomo ukiganda wote, nina kipingamizi cha pili shingoni, na mdomo wenyewe ni kitu cha kubadilishwa. Nyuzi nazipaka mafuta ya mgando kidogo sana ili zisishikane. Hapa nasisitiza neno kidogo, kwa sababu silikoni haishiki mahali penye mafuta, na mafuta yakiingia kwenye njia ya silikoni, utepe wa kwanza utakaoutoa utabanduka ukutani baada ya wiki. Utepe huo wa kwanza ni bora kuupaka kwenye kipande cha boksi na kuutupa.

Msumari sikuuacha kwa sababu ya mazoea ya mtu mwingine. Niliuacha baada ya kuutazama. Tundu la mdomo linapanuka kadiri linavyoingia ndani, ilhali msumari ni mnyoofu, kwa hiyo unagusa kwenye pete moja tu karibu na ncha, na kwingine kote umezungukwa na uwazi. Aidha, asidi ile ya siki inaula. Nikikosa kabisa cha kuzibia natumia skrubu pana yenye nyuzi kubwa, ambayo angalau inajaza tundu na, siku ya kuitoa, inang'ang'ania kizibo na kutoka nacho kama kizibuo kinavyotoa kizibo cha chupa.

Namna ya kukata mdomo pia inahusu uhifadhi, ingawa watu wengi huiona ni habari ya unadhifu wa kazi tu. Tundu kubwa lina uso mkubwa wa kuingiza unyevu. Mimi nakata karibu kabisa na ncha, kwa mshazari, hata kama kazi ya kwanza inaomba utepe mpana, kwa sababu tundu dogo linaweza kupanuliwa kesho na tundu kubwa halirudi nyuma. Na hata ukifanya yote haya, tyubu haitadumu milele, kwa kuwa plastiki yake si chuma na mvuke hupenya polepole ukutani mwake. Ndiyo sababu hata tyubu ambayo haijawahi kufunguliwa ina tarehe ya mwisho, mara nyingi mwaka mmoja au mmoja na nusu tangu kutengenezwa.

Poliurethani ya kuzibia nyufa za nje ni ndugu wa silikoni kwa tabia, lakini ni mkali zaidi. Nayo inaganda kwa unyevu, na inapokutana na maji inatoa hewa ya kaboni dioksidi, ndiyo maana tyubu iliyohifadhiwa vibaya ikifunguliwa tena hutoa utepe wenye vipovu kama mkate. Ile inayouzwa kwenye vifuko vya karatasi ya alumini, mithili ya soseji, inadumu vizuri sana kabla ya kukatwa, kwa sababu chuma hicho hakipitishi mvuke. Ikishakatwa, ninapanga kazi zangu ili niimalize siku hiyohiyo. Sijaona njia ya kuifunga inayostahili juhudi.

Akriliki, ile ya kuzibia maungio ya fremu za milango na kupakwa rangi juu yake, ni kinyume cha hizo zote mbili, na kwenye stoo zinasimama bega kwa bega kwenye tyubu zinazofanana. Akriliki imetengenezwa kwa maji, na inaganda maji yanapoondoka. Kitambaa chenye maji kilichozungushwa kwenye mdomo wake, kisha kikafungiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kinaiweka laini, kwa kuwa hewa inayoizunguka imeshashiba maji na haiombi mengine. Kitambaa hichohicho ukikizungusha kwenye mdomo wa silikoni umeipelekea adui hadi mlangoni. Akriliki haipendi baridi ya kugandisha. Maji yake yakiwa barafu, chembe zilizokuwa zikielea zinashikana, na ikiyeyuka inatoka mabongemabonge yasiyopakika. Gundi nyeupe ya mbao ina tabia hizohizo, na kwayo sina mengi: naibinya chupa mpaka gundi ifike kwenye tundu, nafuta ncha kwa kitambaa chenye maji, nafunga, naiweka mahali pasipo joto.

Supa gluu inastahili kuzungumzwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu hakuna gundi inayotupwa ikiwa imejaa kama hiyo. Mwaka 1942 mkemia wa Kodak, Harry Coover, pamoja na wenzake, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea shabaha. Walikutana na kemikali hii wakaiweka kando, kwa kuwa ilinata kwenye kila ilichokigusa. Mwaka 1951 Coover aliirudia akiwa na Fred Joyner, ambaye aliitandaza kati ya vioo viwili vya kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda, na vioo hivyo vikakataa kuachana. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Kile kilichowachosha mwanzoni ndicho kinachotuharibia chupa zetu leo: karibu kila kitu duniani, hata kinachoonekana kikavu, kina tabaka jembamba la maji juu yake, na maji hayo kidogo yanatosha kuamsha mnyororo wa kuganda. Watengenezaji huitia asidi kidogo mno ili kuutuliza mnyororo huo ukiwa chupani. Unyevu ukiingia kwa wingi kuliko asidi inavyoweza kuumudu, gundi inaanza kuwa nzito kama asali, na haitarudi.

Kwa hiyo baada ya kuitumia naisimamisha chupa wima, naigonga mezani mara mbili tatu ili gundi iliyo kwenye ncha irudi chini, na nasubiri kidogo kabla ya kufunga. Tone likibaki kwenye ncha ndilo litakaloziba tundu. Silifuti kwa pamba kamwe, maana supa gluu ikilowesha pamba hupata moto ghafla kiasi cha kuweza kuchoma vidole. Kisha chupa inaingia kwenye mtungi mdogo wa kioo wenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vile vipakiti vya silika, vinavyofyonza unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba, ambavyo watu huvitupa bila kujua thamani yake. Nimekuwa nikivikusanya kwa miaka sasa.

Ziko habari nyingi kuhusu kuiweka supa gluu kwenye friji, na zina ukweli nusu. Baridi inapunguza kasi ya kuganda, na chupa ambayo haijafunguliwa inadumu zaidi humo. Lakini chupa baridi ikitolewa na kufunguliwa papo hapo inafanya kile kinachofanywa na glasi ya maji baridi siku ya joto: inatoka jasho. Umande huo ukishuka kwenye ncha na kunyonywa ndani, umeiua gundi kwa mkono wako. Anayetumia friji lazima auache mtungi mzima ukiwa umefungwa juu ya meza mpaka upoteze baridi yote, saa moja au zaidi, ndipo aufungue. Na auandike kwa herufi kubwa, auweke mbali na chakula na mikono ya watoto.

Gundi ya mpira, ile ya njano inayotumiwa na mafundi viatu, haihusiki na maji kwa namna yoyote. Inaishi ndani ya kiyeyushi kinachoruka upesi, na kila dakika mkebe ukiwa wazi kiyeyushi hicho kinaondoka. Harufu unayoisikia ndiyo gundi yako inayopotea. Ni mvuke unaowaka moto, na ni mzito kuliko hewa, hivyo unatambaa sakafuni kuelekea kwenye jiko lililowashwa. Kwa gundi hii kazi yote iko kwenye mfereji wa mkebe, pale kifuniko kinapokaa. Tone lililoganda mferejini linakiinua kifuniko kiasi kisichoonekana kwa macho, na hicho kinatosha. Naufuta mfereji kabla ya kufunga, naweka kipande cha mbao juu ya kifuniko na kukigonga pande zote. Mkebe ukibaki robo, naihamishia gundi kwenye mkebe mdogo au chupa ya kioo ili isiachiwe nafasi kubwa ya kujaza mvuke wake, lakini kamwe si kwenye chupa ya kinywaji, hata ikiwa na maandishi.

Hapa siwezi kupita bila kuisifu tyubu ya chuma. Wachoraji wa zamani walihifadhi rangi za mafuta kwenye vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Walikitoboa kibofu, wakabinya rangi, na baada ya hapo hawakuwa na njia nzuri ya kukifunga. Mwaka 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, alipata hataza ya tyubu ya bati inayobinyika na yenye kifuniko. Ubora wa tyubu hiyo ni kwamba ikibinywa inabaki imebinyika. Tyubu ya plastiki hurudi umbo lake, na katika kurudi inavuta pumzi, ikiingiza hewa mpya kila unapoiachia. Kwa hiyo tyubu ya chuma naikunja kutoka kitakoni kama mkeka, na ile ya plastiki nafunga kifuniko nikiwa bado nimeibinya.

Epoksi ya sehemu mbili haina haraka ya kufa, kwa sababu kila sehemu, resini na kigandishi chake, ikiwa peke yake haijui kuganda. Kinachoiua ni kubadilishana vifuniko. Chembe ya kigandishi iliyobebwa na kifuniko hadi kwenye mdomo wa resini inatengeneza kizibo cha jiwe, na hakuna msumari wala koleo litakalokitoa. Natia alama ya rangi kwenye kifuniko na kwenye tyubu yake kabla sijafungua mara ya kwanza. Resini ikiwa nyeupe na yenye chengachenga kwa sababu ya baridi, haijaharibika. Ikikalishwa ndani ya maji ya moto huku imefungwa, inarudi angavu.

Nimeiacha ya mwisho ile ya ajabu, gundi ya kuzuia nati zisilegee. Nilipoipata chupa yangu ya kwanza niliiona imejaa nusu tu, nikaamini nimepunjwa. Kwa hekima niliyokwisha kujifunza kwa gundi nyingine, nilikuwa karibu kuihamishia kwenye chupa ndogo ili hewa isiwemo, na ningeiharibu. Profesa wa kemia Vernon Krieble aliitengeneza mwaka 1953 katika maabara ya Chuo cha Trinity huko Hartford, Marekani. Oksijeni ndiyo inayoizuia isigande. Ikiingia kati ya nyuzi za boliti na nati, oksijeni inakosekana, chuma kinaichochea, nayo inakuwa ngumu. Ile nusu ya juu ya chupa ni pumzi yake, na plastiki ya chupa imechaguliwa makusudi ili ipitishe oksijeni. Usiizungushie tepu, usiibinye kuitoa hewa, usiifungie kwenye mtungi pamoja na nyingine. Na ncha yake isiguse boliti, wala tone lililokwisha kugusa chuma lisirudishwe chupani, kwa sababu linarudi na chembe za chuma zitakazoanza kazi humo ndani.

Sasa hivi gundi zangu zinakaa kwenye maboksi tofauti: zinazoogopa unyevu kwenye boksi lenye kifuniko cha mpira na vipakiti vya silika, zinazoogopa kupoteza maji kwenye jingine, za kiyeyushi peke yake mbali na jiko, na ile chupa ya nati kwenye rafu iliyo wazi, imesimama, ikipumua. Kila tyubu ina kipande cha tepu kilichoandikwa tarehe niliyoifungua. Juzi nilichukua silikoni yenye tarehe ya miezi saba iliyopita. Nilibandua tepu, nikaushika mkia kwa koleo, nikauzungusha robo mzunguko huku nikivuta. Ulitoka taratibu, wenye urefu wa kidole changu cha shahada, mgumu kwenye ncha na mwishoni laini na unaonata. Nyuma yake ikafuata silikoni mbichi na ile harufu ya siki, nami nikaiweka tyubu kwenye bunduki.